Mto mmoja, majibu mawili: vipimo vya wanafunzi wangu havilingani

MwalimuWaUluguru ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha Jiografia kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya Mkoa wa Morogoro, chini ya miteremko ya Milima ya Uluguru. Shule yetu haina maabara ya somo hili. Tulichonacho ni chumba chenye ramani chache za topografia za 1:50,000, dira mbili, utepe wa mita 30 na kipimamvua ambacho mdomo wake umepinda. Kwa miaka mingi nimefundisha mada ya mito kwa kuchora ubaoni, na muhula huu nikaamua kwamba hakuna mwanafunzi wangu atakayeingia kwenye mtihani wa mada hiyo kabla ya kuloa miguu.

Jumamosi iliyopita tulikwenda kwenye kijito kilicho mwendo wa dakika 20 kutoka shuleni ili kupima mtiririko, yaani ujazo wa maji yanayopita kila sekunde. Mahali tulipochagua, maji yamenyooka kwa zaidi ya mita 15 na upana ni mita 4 kamili. Nilivuta kamba kutoka ukingo hadi ukingo, nikapima mita 10 kuelekea chini, nikavuta kamba ya pili. Chombo cha kuelea kilikuwa chungwa, na muda tuliupima kwa simu.

Kikundi cha kwanza kilipima kina mahali patatu katikati ya mto, kikapata mita 0.31, 0.38 na 0.35. Walizidisha wastani wake kwa upana wa mita 4, wakapata eneo la mkato, yaani eneo la maji mto ukikatwa kutoka ukingo hadi ukingo, la mita za mraba 1.39. Chungwa lao walilitupa katikati mara tatu, na kila mara lilitumia sekunde 14. Walizidisha eneo kwa kasi, na jibu lao likawa mita za ujazo 0.99 kwa sekunde.

Kikundi cha pili kilipima kina kila baada ya nusu mita kuanzia ukingo wa kushoto: 0, 0.12, 0.22, 0.31, 0.38, 0.35, 0.24, 0.10 na 0. Mkato wao ulikuwa mita za mraba 0.86. Chungwa walilitupa katika njia tatu, likatumia sekunde 19 upande wa kushoto, 14 katikati na 25 upande wa kulia. Walichukua wastani wa sekunde hizo, yaani 19.3, wakapata kasi ya mita 0.517 kwa sekunde na mtiririko wa mita za ujazo 0.44 kwa sekunde.

Nililiambia darasa kwamba kikundi cha pili ndicho kilichopata. Binti mmoja wa kikundi cha kwanza akaniuliza, bila utovu wa adabu wowote, "Mwalimu, umejuaje?" Nilimjibu kwamba wenzake walipima mahali pengi zaidi, lakini moyoni nilijua kwamba jibu hilo halitoshi. Je, nilikuwa sahihi?

Kuna mambo mengine mawili yaliyotushinda. Tulichukua udongo wa shamba la shule, tukautia katika chupa za maji, tukatikisa na kusubiri hadi mwisho wa vipindi viwili, yaani dakika 80. Tuliona mchanga chini na maji mekundu yenye tope juu yake, lakini hapakuwa na tabaka lolote la mfinyanzi, nami nikawaambia kwamba udongo wetu una mfinyanzi kidogo. Hata hivyo, wakati wa masika udongo huohuo hung'ang'ania viatu hadi mtu anaonekana ameongezeka urefu. Jambo la pili ni kwamba namba za mahali tulipopimia, nilizozisoma kwenye simu, nilipoziweka kwenye ramani ziliangukia upande wa pili wa kilima, mahali pasipo na mto kabisa. Simu niliijaribu mara tatu.

Nitashukuru kwa msaada wa aliyewahi kuyafanya haya kwa mikono yake.

MpimaMaji amejibu:

Mwalimu, hongera kwa kuwatoa darasani. Nimepima mito kwa miaka mingi katika bonde moja la hapa nchini, na swali la binti huyo ndilo ambalo sisi wenyewe huulizana tunaporudi ofisini na karatasi zetu.

Kikundi cha kwanza kimekosea kwa sababu mbili zinazovuta upande mmoja. Walipima kina mahali penye kina kirefu tu, halafu wakauchukulia mto kama sanduku lenye kina hicho toka ukingo hadi ukingo, ilhali pembeni maji yanafika kwenye kifundo cha mguu. Vilevile walipima kasi katikati tu, mahali maji yanapokimbia kuliko kwingine kote. Ndiyo maana jibu lao limezidi maradufu.

Hata hivyo, kikundi cha pili nacho hakikupata jibu lake kwa njia sahihi, na hapa nakuomba utulie nami kidogo. Kosa lao la kwanza ni kuchukua wastani wa sekunde badala ya wastani wa kasi. Sekunde 19, 14 na 25 kwa mita 10 ni kasi za mita 0.526, 0.714 na 0.400 kwa sekunde, na wastani wa kasi hizo ni 0.547, si 0.517. Isitoshe, njia hizo tatu hazibebi maji sawa. Ukigawa mkato wao kwa mita moja ya kushoto, mita mbili za katikati na mita moja ya kulia, utapata mita za mraba 0.115, 0.635 na 0.110. Karibu robo tatu ya mkato iko katikati, kwa hiyo kasi ya katikati inastahili uzito mkubwa zaidi. Zidisha kila eneo kwa kasi yake kisha ujumlishe, utapata mita za ujazo 0.558 kwa sekunde.

Kosa lao la pili linavuta upande wa pili. Chungwa husafiri juu, ambako maji yana kasi kuliko yale ya chini yanayosuguana na mawe. Kwa hiyo kasi ya juu lazima ipunguzwe. Vitabu vingi hutaja kizidishi cha 0.85, ambacho hufaa mito yenye kina cha kutosha na kitanda laini, lakini kwenye kijito chenye kina kifupi na mawe mengi kizidishi hushuka hadi kati ya 0.65 na 0.70. Ukitumia 0.85 utapata 0.47, na ukitumia 0.70 utapata 0.39. Kwa jinsi unavyoeleza kijito chako, mimi ningeandika takriban 0.39 na kueleza kwamba huenda ikafika 0.47.

Sasa tazama: 0.44 ya kikundi cha pili imeangukia katikati ya namba hizo mbili. Kosa moja liliwashusha, jingine likawapandisha, na yakafutana. Kwa maoni yangu, jibu la namna hiyo ni la hatari kuliko lile la 0.99, kwa sababu hakuna atakayeshtuka na kulikagua, na makosa yaleyale yakihamia kwenye mto mwingine hayatafutana tena. Mwambie binti yule kwamba aliuliza swali lililostahili kuulizwa, na kwamba wenzake walisifiwa mapema.

Kuhusu utendaji, yako mambo madogo ambayo hayaandikwi mara nyingi. Chungwa mlilochagua ni zuri kwa sababu huzama karibu lote na upepo haulisukumi, lakini litupeni mita mbili au tatu juu ya kamba ya kwanza ili liwe limeshika mwendo wa maji linapoifikia. Likigonga jiwe au kunasa kwenye nyasi, rudieni. Kipimo hicho kifutwe kwa mstari mmoja bila kukificha, na sababu iandikwe pembeni. Anayepima kina asimame upande wa chini wa kamba, kwani miguu ya mtu aliyesimama juu hubadilisha maji yanayokifikia kipimio. Rula nayo ielekezwe ubavu wake mwembamba kwenye mkondo. Mkiikabilisha bapa lake, maji hupanda mbele yake na kushuka nyuma, na katika kina cha sentimita 12 kosa la sentimita moja au mbili si dogo.

Siku mtakapopata kipima kasi chenye propela, kiwekeni kwenye asilimia 60 ya kina mkihesabu kutoka juu, kwa maana kasi ya hapo hukaribia wastani wa safu nzima ya maji. Kwenye kina kirefu tunapima mara mbili, kwenye asilimia 20 na 80, na kuchukua wastani. Kwa sasa msihangaike nacho. Simikeni nguzo yenye alama za sentimita mtoni, muisome kila siku, na mpime mtiririko kila maji yanapobadilika kimo. Baada ya mwaka mtakuwa na mchoro unaowaonyesha mtiririko kwa kuangalia nguzo tu, na hiyo ndiyo kazi yenyewe ya vituo vya mito.

Kontua20 amejibu:

Nitajibu la ramani kwa ufupi. Simu yako haina tatizo, wala ramani haina tatizo. Ramani zetu za 1:50,000 zimechorwa kwa mfumo wa namba za mahali uitwao Arc 1960, wakati simu husoma kwa mfumo mwingine, WGS84, na mifumo hiyo miwili haikuanzia kwenye umbo moja la dunia. Kwa upande wenu, namba za simu zikiwekwa moja kwa moja kwenye gridi ya ramani huangukia takriban mita 300 kusini na takriban mita 90 mashariki mwa mahali halisi. Kwenye ramani hiyo mita 300 ni milimita 6, umbali unaotosha kabisa kumvusha mtu kilima. Programu nyingi za ramani za simu hukuruhusu kuchagua mfumo. Chagua Arc 1960, ukanda wa 37 Kusini, kisha uweke alama upya.

Pamoja na hayo, nakushauri usiwape wanafunzi namba za simu mwanzoni. Wasimame mtoni na dira, watafute vilele viwili wanavyovitambua kwenye ramani, wachore mistari miwili na waone inakokutana. Wakishapata nukta yao ndipo simu itolewe mfukoni. Mwanafunzi aliyekosea mita 100 kwa dira huelewa maana ya milimita 6 kuliko aliyepewa namba na kifaa.

MaabaraYaUdongo amejibu:

Mwalimu, mfinyanzi wenu mliuona, ila hamkuutambua. Ulikuwa ndani ya yale maji mekundu.

Chembe za udongo hushuka majini kwa kasi inayotegemea ukubwa wake, na tofauti ni kubwa mno. Chembe ya mchanga mwembamba yenye milimita 0.05 hushuka sentimita 10 kwa muda usiofika dakika moja. Chembe ya milimita 0.002, ambayo ndiyo mpaka kati ya mchangatope (chembe ndogo kuliko mchanga) na mfinyanzi, huhitaji takriban saa 8 kushuka hizo sentimita 10, na zilizo ndogo zaidi huning'inia kwa siku kadhaa. Kwa hiyo katika dakika 80 mchanga ulikuwa umeshatua wote, mchangatope ulikuwa njiani, na mfinyanzi ulikuwa haujaanza safari ya maana. Ukimwaga maji hayo ukidhani ni uchafu, umemwaga sehemu ya udongo iliyokuwa ikishika viatu vyenu.

Kuna jambo la pili, nalo kwenye udongo mwekundu lina uzito mkubwa. Chembe za mfinyanzi wa aina hiyo hushikamana katika vidonge vigumu ambavyo hutua haraka kama mchanga, kwa hiyo chupa isiyoandaliwa hudanganya pande zote mbili: mchanga unazidi na mfinyanzi unapungua. Maabara hutumia kemikali iitwayo sodiamu heksametafosfeti ili kuvitenganisha, halafu mchanganyiko hukorogwa kwa mashine. Ninyi tumieni kijiko kimoja cha sabuni ya unga isiyo na povu jingi, lowekeni udongo usiku kucha, na asubuhi mtikise chupa kwa dakika 10 kwa zamu. Kabla ya hapo uanikeni udongo, upondeni kwa kipande cha mti bila kuvunja mawe, muuchekeche kwa chekeche la matundu ya milimita 2, na muondoe mizizi.

Kisha bandikeni ukanda wa karatasi ubavuni mwa chupa na mtie alama ya kimo cha kilichotua baada ya sekunde 40, baada ya saa 2, na tena maji yakishakuwa maangavu, hata ikiwa ni siku ya tatu. Kwa makadirio, alama ya kwanza ni mchanga, nafasi hadi ya pili ni mchangatope, na iliyobaki ni mfinyanzi. Sekunde 40 na saa 2 ndizo nyakati ambazo sisi pia husoma haidromita, kipimo kinachoelea majini, katika mchanganyiko wa gramu 50 za udongo mkavu. Tofauti ni kwamba haidromita hupima uzito wa kilichobaki majini, wakati ninyi mtapima unene wa tabaka, na tabaka la mfinyanzi hutua likiwa limejaa maji na kuonekana nene kuliko uzito wake. Andikeni hivyo katika ripoti.

Mkiwa mnasubiri hizo siku tatu, ufinyangeni udongo kwa mkono. Chukueni donge la ukubwa wa yai la kuku, mliloweshe hadi liwe kama unga wa chapati uliokandwa, kisha mlisukume kati ya kidole gumba na cha shahada ili litoe utepe. Utepe ukikatika kabla ya sentimita 2.5, mfinyanzi ni mdogo; ukifika kati ya 2.5 na 5, ni wa kadiri. Ukipita 5, ni mwingi. Nawafahamu mafundi wa vyungu ambao vidole vyao havihitaji chupa.

MhadhiriMstaafu amejibu:

Nimesoma majibu ya wenzangu kwa furaha, ila natofautiana kidogo na ndugu MpimaMaji. Nguzo ya mtoni ni kazi nzuri kwa ofisi ya bonde, lakini mwanafunzi wa kidato cha sita ana muda mfupi, na mto humwambia matokeo bila kumwonyesha sababu. Mto uliochafuka una mashamba, njia za ng'ombe, barabara na msitu vyote ndani yake. Ningekushauri utengeneze vitalu vya mmomonyoko nyuma ya darasa, ambavyo huonyesha sababu ndani ya msimu mmoja wa mvua.

Kazi hii ina historia ndefu hapa kwetu. Mpwapwa, katika miaka ya 1930, mtafiti R. R. Staples alitenga vitalu kwenye mteremko mmoja, akavifunika kwa namna tofauti na kupima maji yaliyotiririka na udongo uliochukuliwa. Kwenye kitalu kilichoachwa wazi, asilimia 50.4 ya mvua ilikimbia juu ya ardhi na tani 146 za udongo zilipotea kwa hekta kwa mwaka. Palipolimwa mtama, maji yaliyokimbia yalikuwa asilimia 26 na udongo tani 78. Penye nyasi ilikuwa asilimia 1.9, na penye kichaka kisichochungwa asilimia 0.4, na udongo uliopotea katika hivyo viwili haukufikia cha kuhesabika. Mvua ilikuwa moja na ardhi moja. Kilichobadilika ni kilichofunika ardhi. Sijaona mchoro wa ubaoni unaosema hayo kwa nguvu hiyo.

Milima yenu nayo ilipimwa. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, mtafiti Anders Rapp na wenzake kutoka vyuo vikuu vya Dar es Salaam na Uppsala, Sweden, walifuatilia tope katika Mto Morogoro, na mvua kubwa ya Februari 1970 ilipoanzisha maporomoko zaidi ya 1,000 upande wa Mgeta, waliyahesabu na kukuta kwamba karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi, machache mno chini ya miti. Wanafunzi wako wanaweza kuyaona makovu ya maporomoko kwenye milima hiyo wakipewa saa moja ya kutazama kwa makini.

Mtengeneze vitalu vitatu vyenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 2 kuelekea mteremkoni, kimoja kitupu, kimoja chenye matandazo ya majani makavu, kimoja chenye nyasi zilizoachwa. Kingo ziwe za mabati yaliyozikwa sentimita 10 na kubaki sentimita 10 juu, na chini kuwe na mfereji wa bati unaoingiza maji kwenye ndoo iliyofunikwa. Ukubwa huo nimeuchagua kwa hesabu. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1, kwa hiyo mvua ya milimita 30 kwenye mita 2 za mraba ni lita 60. Kitalu kitupu kikikimbiza nusu yake kama kule Mpwapwa, utahitaji nafasi ya lita 30, yaani ndoo mbili za lita 20 zilizounganishwa. Niliwahi kuona vitalu vya mita 10 za mraba vilivyowekewa debe moja moja. Mvua ya kwanza ilipopiga, madebe yote yalifurika, na vitalu vitatu vikatoa jibu moja la lita 20.

Baada ya kila mvua, pimeni lita, korogeni ndoo kwa nguvu, chukueni lita moja, ichujeni kwa karatasi iliyokwisha kupimwa uzito, ikausheni na kuipima tena kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu moja. Na huo mdomo wa kipimamvua uliopinda uunyoosheni kwanza, au mkate chupa ya plastiki na kugeuza sehemu ya juu iwe faneli. Mkigawa mililita zilizoingia kwa eneo la mdomo katika sentimita za mraba, kisha mkazidisha kwa 10, mtapata milimita. Isomwe kila siku saa tatu asubuhi, hata siku isiyo na mvua, na sifuri iandikwe.

BuluuYaPwani amejibu:

Mimi ni afisa afya, si mwanajiografia. Naomba tu wanafunzi wavae buti za mpira wanapoingia mtoni, kwani kando ya mkondo, kwenye vidimbwi vilivyotulia, ndiko konokono wa kichocho hukaa, na vijidudu vyake hutoka kwa wingi jua la mchana linapokuwa kali. Kupima asubuhi ni afadhali. Vilevile, mawingu yakionekana yameshika kilele, watoke majini hata kama kwao kunawaka jua, kwa sababu mvua ya mlimani hufika bondeni bila kubisha hodi.

MwalimuWaUluguru ameandika tena:

Nawashukuru wote, na niwieni radhi kwa kukawia. Nilitaka nirudi na namba.

Tulirudi mtoni mara mbili, asubuhi, na buti za kuazima. Safari hii kila kikundi kilipima kina kila nusu mita na kasi katika njia tatu, kikazidisha kila eneo kwa kasi yake, na mwisho kikatumia kizidishi cha 0.70. Siku ya kwanza kikundi cha kwanza kilipata 0.34 na cha pili 0.31. Siku iliyofuata, maji yakiwa kwenye kimo kilekile, tulivibadilisha vikundi na kupata 0.33 na 0.32. Tumeandika takriban 0.33, na chini yake wanafunzi wameeleza kwa nini hawajaandika 0.325. Binti aliyeniuliza ndiye aliyesoma ripoti mbele ya darasa, nami nilisimama na kukiri kwamba niliwahukumu mapema.

Chupa zilisafika siku ya tatu. Katika milimita 60 za udongo, mchanga ulikuwa 24, mchangatope 13 na mfinyanzi 23. Hiyo ni karibu asilimia 40, 22 na 38, nasi tumeiita tifutifu ya mfinyanzi, pamoja na tahadhari kuhusu unene wa tabaka. Utepe wa mkononi ulikatika kwenye sentimita 4, kwa hiyo mkono na chupa vimekubaliana. Kwenye ramani, baada ya kubadilisha mfumo, nukta ilikaa kwenye mstari wa buluu. Wanafunzi wa dira walikuwa wamekosea mita 150 tu.

Vitalu tutavijenga kabla ya masika, kwani mabati chakavu yapo. Kwa heshima zote kwa Mhadhiri, tulisimika nguzo pia, mti mnyoofu tulioutia alama kwa rangi. Ilidumu siku nne. Tunadhani imekwenda jikoni kwa mtu, maana ilikuwa kavu na nzuri.

MpimaMaji amejibu:

Pole, Mwalimu, hata zetu za chuma huondoka. Tafuteni nguzo ya daraja au jabali lisilotikisika, mpige alama kwa rangi ya mafuta kila sentimita 2 upande usiokabili mkondo, na sifuri iwe chini ya maji ya kiangazi ili msije mkapata kimo hasi mwezi wa Septemba. Kisha mtafute alama nyingine ya kudumu ukingoni, mpime tofauti ya kimo kati yake na sifuri kwa bomba jembamba la maji kama lile la mafundi ujenzi, na muiandike kwenye daftari. Rangi ikifutika, mtajua pa kuirudisha. Na wenye nyumba za jirani waambieni alama hizo ni za nini. Pengine mmoja wao atazisoma Jumapili mkiwa hampo.